Bwana wa Sarafu Ameshuka

Mazungumzo na wanafunzi wa uhasibu na waandishi chipukizi wa habari za biashara, yaliyoandikwa upya ili yasomeke

Mwenyekiti, walimu, wanangu, habari za jioni.

Mlinialika niseme juu ya maadili ya uhasibu. Hayo nimeyasema mara nyingi hata yakanichosha mwenyewe, na walimu wenu wanayajua kunizidi. Leo nitasema juu ya mtu mmoja aliyeacha kazi kimyakimya, na kelele waliyopiga wengine kwa niaba yake.

Ijumaa ya tarehe 4 Agosti 2023, Zachary Kirkhorn aliacha uafisa mkuu wa fedha wa Tesla, ile kampuni ya magari ya umeme ya Elon Musk. Watu walijua Jumatatu ya tarehe 7, kwa waraka ambao kampuni iliupeleka SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa Marekani. Ni waraka mfupi, unausoma chai ikiwa bado ya moto. Ulisema kwamba Vaibhav Taneja, aliyekuwa mhasibu mkuu, sasa ndiye pia afisa mkuu wa fedha. Kwamba Kirkhorn alikuwa ameitumikia kampuni miaka 13. Kwamba angebaki mpaka mwisho wa mwaka kusaidia makabidhiano. Na kwamba kampuni inamshukuru. Mwenyewe aliandika maneno machache mtandaoni, kwamba anajivunia kazi waliyoifanya pamoja. Basi. Kwa nini anaondoka, hakuna mstari.

Mjue huyu hakuwa karani. Alipokabidhiwa fedha za Tesla Machi 2019, kampuni ilikuwa inamalizia robo mwaka iliyoleta hasara ya dola milioni 702. Mwaka 2022, akiwa bado kwenye kiti kilekile, faida ya mwaka mzima ilifika kama dola bilioni 12.6. Tena alikuwa na cheo cha ajabu. Machi 2021 Tesla iliiandikia SEC, kwa waraka rasmi kabisa, kwamba kuanzia sasa Musk ataitwa Mfalme wa Teknolojia na Kirkhorn ataitwa Bwana wa Sarafu. Hapo mnacheka, lakini mimi nimekagua hesabu zaidi ya miaka 30 na sijaona mteja aliyethubutu kuniandikia hivyo kwenye barua ya uthibitisho.

Sasa Bwana wa Sarafu ameshuka. Na neno walilotumia kwenye waraka, kwa Kizungu chao, ni hilohilo la kushuka. Mtu anashuka daladala. Kama amefika kituo chake, kama nauli imemwishia, au kama konda amemwambia "shuka", neno lenyewe halikusaidii.

Sisi wenye Kiswahili tumezoea kutofautisha. Kuna kung'atuka, neno ambalo Mwalimu alilitoa kwao Uzanaki na kulifanya la taifa zima alipoachia urais mwaka 1985: mtu anatoka kwa hiari, kichwa juu. Kuna kustaafu, na kuna kustaafishwa kwa manufaa ya umma, na hiyo silabi moja katikati ina machozi ya watu. Kuna uteuzi kutenguliwa. Ukisikia redio inasema "uteuzi wake umetenguliwa na atapangiwa kazi nyingine", kijiweni wanakwambia moja kwa moja kama hiyo kazi nyingine ipo au haipo. Na kuna kutumbuliwa, ambalo halihitaji kamusi. Masikio yetu yamefundishwa kusikiliza kitenzi. Tukikutana na waraka ambao kitenzi chake hakina ladha, tunatia chumvi wenyewe.

Na chumvi ilitiwa, si na sisi peke yetu. Ndani ya saa chache wachambuzi wa Marekani walikuwa na hadithi tano. Ya kwanza, amegombana na Musk. Ya pili ilikuwa tamu zaidi. Novemba 2022, kwenye kesi ya malipo ya Musk katika mahakama ya Delaware, James Murdoch, mjumbe wa bodi ya Tesla, alieleza chini ya kiapo kwamba Musk alikuwa ameshamtambua mtu anayeweza kumrithi. Jina halikutajwa mahakamani. Watu wakalijaza wenyewe: wengine wakasema Kirkhorn, wengine wakasema Tom Zhu aliyekuwa akisimamia Uchina. Kwa hiyo Kirkhorn alipoondoka, hadithi ikawa mrithi amekatwa mbawa. Ya tatu, anakwenda kuongoza kampuni nyingine. Ya nne, ameona hesabu mbaya zinakuja akawahi mlango. Ya tano, tajiri amechoka. Ajabu ni kwamba soko lenyewe halikubabaika: siku ile hisa ilishuka kama asilimia 1 tu.

Nataka tukae kidogo na ile ya nne, maana ndiyo inayotuhusu wahasibu, na kwa uzoefu wangu ndiyo ambayo mtu mwerevu huingia kwanza. Tarehe 19 Julai 2023, wiki mbili na kitu kabla ya kuondoka, Tesla ilitoa hesabu za robo ya pili. Kila dola 100 ya mauzo ilikuwa imebakiza dola 9.6 za faida ya uendeshaji, wakati mwaka mmoja nyuma ilikuwa dola 14.6. Sababu yake haikuwa siri. Walikuwa wakipunguza bei za magari tangu Januari, tena hadharani, kila mnunuzi anaona. Na kwenye ile simu ambayo kampuni huwaelezea wawekezaji hesabu zake, aliyekaa kuyaeleza hayo alikuwa Kirkhorn mwenyewe. Robo iliyofuata, yeye akiwa ameshashuka, dola 9.6 zikawa 7.6. Mwaka 2024 magari waliyokabidhi wateja yalikuwa kama milioni 1.79, pungufu kidogo ya milioni 1.81 ya mwaka 2023.

Aliyesema "hesabu mbaya zinakuja" leo anaweza kujipiga kifua. Lakini zilikuwa zimeshakuja. Zilichapwa Julai, zikasomwa kwa sauti. Yule aliyezisikia akapuuza, kisha akaja kutetemeka kwa sababu ya waraka wa Agosti, ni kama mtu aliyelala mvua ikinyesha usiku kucha akashtuka asubuhi kwa kuona jirani amebeba mwavuli.

Mtaniuliza, kwa nini kampuni isiseme tu sababu yakaisha? Kwa sababu sheria haiwalazimishi. Hapa waandishi naomba msikilize, maana nimesoma habari nyingi zilizosema Tesla "ilikataa kueleza", kana kwamba kuna aliyekuwa na haki ya kuelezwa.

Fomu wanayojaza inaitwa 8-K, na kifungu chenyewe ni 5.02. Afisa mkuu wa fedha akiondoka, kampuni ina siku nne za kazi kutangaza kwamba ameondoka na lini. Kwa nini, haiulizwi. Mjumbe wa bodi akijiuzulu kwa sababu ya kutofautiana na kampuni, hapo inapaswa kueleza walitofautiana juu ya nini, na kama ameandika barua, barua inaambatanishwa. Na mkaguzi wa nje akiondoka, hapo ndipo sheria inapokaza uzi kabisa, kwenye kifungu cha 4.01: kampuni iseme kama amejiuzulu au amefukuzwa, iseme kama kulikuwa na mabishano yoyote juu ya hesabu katika miaka miwili ya nyuma, kisha mkaguzi mwenyewe aandike barua kusema kama anakubaliana na maelezo hayo. Yaani nikiondoka mimi niliyekuwa nakuja na mkoba mara moja kwa mwaka, nahojiwa. Akiondoka yule aliyelala na daftari kila siku, inatosha kusema kwaheri. Mimi sheria hiyo naiona imekaa vibaya. Lakini ndivyo ilivyo, na ukiijua, kimya cha Tesla kinakuwa jambo la kawaida la karani wa sheria kujaza kilichoulizwa na kuacha ambacho hakikuulizwa.

Basi tusome nini, kama sababu haimo?

Niwapeleke Usukumani. Miaka ya tisini, nikiwa mkaguzi mchanga, tulitumwa kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Jina nalihifadhi. Tulipofika tuliambiwa mhasibu mkuu hayupo, ameacha kazi wiki tatu zilizopita, ghafla, msimu ukiwa katikati. Meneja alisema hilo akiangalia dirishani. Mchana tukaenda kula kwa mama ntilie aliyekuwa nje ya geti, na kabla ugali haujafika tulikuwa tumeshaambiwa kila kitu. Amekula hela za msimu. Ana nyumba Mwanza, ana nyingine Nzega. Baiskeli yake ile ni danganya toto. Dereva wa lori aliapa kabisa kwamba alimwona na sanduku.

Kiongozi wa msafara wetu, Mungu amrehemu, hakusema neno. Tuliporudi ofisini akaomba kitu kimoja tu: hati ya makabidhiano. Ikaletwa. Wanangu, sijawahi kuona kitu kama kile. Kurasa sita za mkono, nakala tatu, kila moja imeandikwa upya kwa kalamu maana karatasi za kaboni zilikuwa zimekwisha. Fedha kwenye kasha mpaka senti. Vitabu vya stakabadhi kwa namba zake, vilivyotumika na visivyotumika. Funguo mbili za kasha, na mmoja wa kabati ambao, aliandika, "haufungi vizuri, sukuma kwanza". Chini ilikuwa na sahihi yake, sahihi ya msaidizi wake, na alama ya dole gumba la mlinzi wa zamu, kwa sababu ilikuwa jioni na hakupata shahidi mwingine.

Tulikagua siku tisa. Mpaka ile Ijumaa aliyoondoka, hesabu zilikaa kama maji kwenye mtungi. Kuanzia Jumatatu iliyofuata tukaanza kukutana na risiti za dizeli zisizo na namba ya gari.

Tangu siku hizo, mtu wa fedha akiondoka mahali, maswali yangu ya kwanza ni haya: amekabidhi vipi, amemkabidhi nani, na kitabu kinachofuata, yaani ripoti ya hesabu, kimetoka kwa wakati? Kwa nini ameondoka huja baadaye, au hakuji kabisa.

Sasa turudi Texas, makao makuu ya Tesla, na maswali hayohayo. Kirkhorn alikabidhi vipi? Miezi karibu mitano, mpaka mwisho wa mwaka. Mtu anayekimbia moto habaki kuelekeza wengine kabati gani linasukumwa kwanza, na mtu aliyefumaniwa haachwi karibu na kasha. Kitabu kilichofuata kilitoka kwa wakati? Kilitoka Oktoba, kama kawaida yake. Alimkabidhi nani? Hapo ndipo mimi ningeinua mkono, na ni hapo ambapo wapiga ramli wengi walipita bila kusimama.

Someni tena: Taneja alipewa uafisa mkuu wa fedha juu ya kazi yake ya mhasibu mkuu. Mtu mmoja, kofia mbili. Huyu bwana ana sifa zote. Alikuwa PwC, ile kampuni kubwa ya ukaguzi wa hesabu, miaka mingi, akaja kupitia SolarCity, kampuni ya umeme wa jua ambayo Tesla iliinunua mwaka 2016. Na sheria inaruhusu mtu mmoja kutia sahihi kwa vyeo vyote viwili. Lakini sisi tumefundishwa, na nyinyi mnafundishwa sasa hivi katika jengo hili, kwamba anayeandaa hesabu na anayezipitia wawe vichwa viwili. Mhasibu mkuu anaulizwa na afisa mkuu wa fedha: namba hii umeipataje? Vyeo vikiungana, swali hilo anajiuliza mwenyewe kwenye kioo. Sisemi kuna kosa lililofanyika. Nasema lilikuwa swali halali, lililoandikwa kwenye waraka wenyewe, na watu walikuwa wanahangaika na kama Musk alimnunia nani kwenye chakula.

Kwa wale wanaodhani soko hujua, niwakumbushe Ijumaa ya tarehe 13 Januari 2012. Siku hiyo ilijulikana kwamba Peter Rawlinson, mhandisi mkuu wa gari la Model S, ameondoka Tesla na mwenzake mmoja, na hisa ikapoteza karibu moja ya tano ya thamani yake. Hadithi ilikuwa rahisi: mhandisi anatoka miezi michache kabla ya gari kutoka, kwa hiyo gari limemshinda. Juni mwaka huohuo gari likakabidhiwa kwa wateja wa kwanza, na ndilo lililoifanya kampuni. Rawlinson mwenyewe baadaye aliiongoza Lucid, washindani, ambayo mwenye hisa nyingi ni mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, na huko nako akashuka Februari 2025, siku ileile hesabu za mwaka zilipotangazwa. Ramli zikaanza upya.

Deepak Ahuja, aliyekuwa na kiti cha fedha kabla ya Kirkhorn, ni kichekesho kabisa. Alistaafu Tesla mwaka 2015, akarudi 2017, akatangazwa tena kustaafu mwishoni mwa simu ya wawekezaji ya Januari 2019. Kila mara watu walisoma ishara. Mstaafu huyu mwaka 2022 aliingia Zipline, wale wenye ndege zisizo na rubani zinazopeleka damu hospitalini Rwanda. Na JB Straubel, mmoja wa wale wa mwanzo kabisa, alipoacha ufundi mkuu mwaka 2019 tuliambiwa ndoa imevunjika. Mwaka 2023 alikaa kwenye bodi.

Kuna mmoja alijaribu kusema. Dave Morton aliingia Tesla kuwa mhasibu mkuu tarehe 6 Agosti 2018. Kesho yake, tarehe 7, Musk akaandika ule ujumbe wake maarufu wa kuinunua kampuni kwa dola 420 kila hisa. Masikini, kiti hakijapata joto. Tarehe 4 Septemba akajiuzulu. Akaeleza kwamba macho ya watu juu ya kampuni na kasi ya ndani vimezidi alivyotarajia, na akasisitiza hana ugomvi na viongozi wala na hesabu zao. Habari ilitoka tarehe 7, hisa ikaanguka kama asilimia 6, na hadi leo kuna wanaodai ilianguka kwa sababu yake na wengine kwamba ni kwa sababu ya Musk kuonekana anavuta bangi kwenye mahojiano yaliyorushwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwa hiyo hata ukisema, hawakuamini.

Msije mkatoka hapa mkisema Mama kasema kuondoka si kitu. La. Fisker, kampuni nyingine ya magari ya umeme ya Marekani, mwishoni mwa 2023 iliondokewa na mhasibu mkuu. Akaajiriwa mwingine, naye hakumaliza mwezi. Wakati huohuo ripoti ya robo ya tatu ikachelewa, na kampuni ikakiri kwamba udhibiti wake wa ndani una udhaifu mkubwa. Pitisheni maswali yangu matatu hapo. Makabidhiano hayapo, mpokeaji naye ametoka, kitabu hakijaja. Huhitaji kujua nani kamnunia nani. Juni 2024 Fisker iliomba kinga ya mufilisi mahakamani. Lordstown ya Ohio, nayo ya magari ya umeme, ni hivyohivyo: mtendaji mkuu na afisa mkuu wa fedha waliondoka siku moja, Juni 2021, baada ya kamati ya bodi kukuta kwamba baadhi ya maelezo juu ya oda za magari hayakuwa sahihi. Miaka miwili baadaye, mufilisi. Hapo hakukuwa hata na kimya cha kukisia.

Waandishi, mnaniuliza kila mara mfanyeje na "chanzo kilichoomba jina lake lihifadhiwe". Mhifadhini, lakini mkumbuke dereva wa lori na sanduku lake. Alikuwa chanzo. Alikuwa na maelezo kamili, na rangi ya sanduku pia.

Namwona mwenyekiti anaangalia saa, na yule binti wa nyuma amenyoosha mkono tangu Lordstown, nitamsikiliza. Nimalizie tu lile la Usukumani, kwa sababu mtaniuliza.

Nilikutana naye, yule mhasibu, miaka kama minane baadaye, stendi ya Nzega. Nilimtambua kwa baiskeli. Nikamsalimu, shikamoo mzee, nikajieleza mimi ni nani, nikamuuliza kama kweli hakuwa na tatizo na mtu pale kiwandani. Akanitazama kidogo. Akauliza kama zile nakala tatu za makabidhiano tulizikuta. Nikamwambia tulizikuta zote. Akashukuru, akaenda kumsimamia utingo aliyekuwa anafunga baiskeli yake juu ya basi la Tabora.

Haya, binti, uliza.